Kabla Hujameza Dawa ya UTI

Jumatatu asubuhi benchi la maabara ya mtaani huwa limejaa. Mmoja kichwa kinamgonga, mwingine kiuno kinamuuma tangu Ijumaa, mama amempakata mtoto anayechemka. Kila mmoja anapewa kikopo, anaelekezwa choo kilipo, anarudi na mkojo. Baada ya dakika ishirini majibu yanatoka dirishani, na kwa wengi ni yale yale: UTI. Mara nyingine UTI na taifodi kwa mpigo. Mgonjwa anapitia duka la dawa, ananunua kiasi anachokimudu, na wiki tatu baadaye yupo tena kwenye benchi lile lile akisema UTI yake imekuwa sugu.

Nimekaa kwenye benchi hilo mara nyingi, kwa ajili yangu na kwa ajili ya watoto wa nyumbani. Nimefika mahali pa kuamini kwamba mambo mengi huharibika kule chooni, kabla hata dawa haijaandikwa. Mkojo unakingwa vibaya, unasomwa harakaharaka, kisha jina la UTI linabandikwa juu ya ugonjwa mwingine kabisa.

UTI ni maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo, yaani figo, mirija miwili inayoshusha mkojo, kibofu, na mrija wa kuutolea nje. Mara nyingi yanaishia kwenye kibofu. Mdudu anayeongoza ni Escherichia coli, aliyeelezwa mwaka 1885 na daktari wa watoto Theodor Escherich. Makazi yake ni utumbo wetu wenyewe, na humo hana ubaya. Shida inaanza akivuka kutoka njia ya haja kubwa hadi kwenye tundu la mkojo, kisha akapanda. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi, kwa kuwa mrija wake una kama sentimita 4 tu. Wa mwanamume unakaribia sentimita 20. Ndiyo maana wanawake huugua zaidi, wala si kwa sababu ya uchafu, na mwanamke aliyeambiwa ana UTI hana haja ya kuona haya mbele ya mume wala mama mkwe.

Kwa hiyo lile la "nimeipata chooni" halina mashiko. Mdudu hakurukii kutoka kwenye shimo la choo, na kukalia choo cha wapangaji wenzako hakukupi UTI. Kuna jambo jingine la choo, hata hivyo, ambalo ni la kweli na halisemwi vya kutosha. Wasichana wa shule, wauzaji wa sokoni na makondakta wa kike hujibana mkojo kutwa nzima kwa kuwa choo kilichopo hakiingiliki au hakina mlango. Wengine hawanywi maji tangu alfajiri ili wasihitaji kwenda. Mkojo ukikaa muda mrefu kibofuni, mdudu aliyepenya anapata nafasi ya kuzaana kabla hajafagiliwa nje. Choo kibaya kinaumiza, lakini kwa njia ya kutokitumia.

Dalili za kibofu kuambukizwa ni za wazi. Unaungua wakati wa kukojoa. Unabanwa ghafla, unakimbia, halafu yanatoka matone. Dakika kumi hazijapita umebanwa tena. Chini ya kitovu panauma, mkojo una ukungu, pengine na damu. Mwanamke anayeungua na kukojoa mara kwa mara, bila kutokwa uchafu ukeni wala kuwashwa, uwezekano kwamba ana UTI unazidi asilimia 90, na daktari anaweza kumtibu kwa maelezo hayo peke yake. Uchovu, kuumwa kichwa, tumbo kujaa gesi au mgongo wa miezi sita, bila shida yoyote ya kukojoa, si dalili za UTI hata karatasi iseme nini.

Kwa watoto mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtoto mdogo huonyesha homa tu. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa, waliopimwa kwa kina kuliko inavyowezekana kwenye zahanati. Wenye UTI walikuwa asilimia 5.9. Wenye taifodi walikuwa asilimia 3.7. Wengi mno walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi, ambayo antibiotiki haiyagusi. Nikiona watoto watano wamekaa foleni na wote wameandikiwa UTI na taifodi, nazikumbuka namba hizo.

Sasa turudi kwenye kikopo, maana hapo ndipo mgonjwa mwenyewe ana uwezo.

Mkojo wa kupima hutakiwa uwe wa katikati. Matone ya kwanza yanaosha mdomo wa njia, yanabeba bakteria wa ngozi na ute wa ukeni, na hao wakiingia kwenye kikopo watahesabiwa kama wadudu wa ugonjwa wako. Nawa mikono kwanza. Mwanamke ajisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, bila dawa ya kuua vijidudu, kisha atenganishe midomo ya uke kwa vidole na asiiachie mpaka amalize. Mwanamume ambaye hajatahiriwa avute ngozi nyuma. Acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha bila kukata mkondo ingiza kikopo, kinga hadi nusu, kitoe, umalizie chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala kifuniko chake. Ukiwa kwenye hedhi, mwambie mtu wa maabara, vinginevyo damu hiyo itaandikwa kama damu ya mkojo.

Mkojo mzuri zaidi ni wa kwanza asubuhi, au uliokaa kibofuni saa nne hivi. Baadhi ya wadudu, akiwemo E. coli, hubadili nitrati iliyo kwenye mkojo kuwa nitriti, na kijiti cha maabara hutafuta hiyo nitriti. Kazi hiyo inahitaji muda. Wengi wetu tukifika maabara na mkojo haupo, tunanunua chupa mbili za maji na kuzimaliza hapo hapo. Yanayotoka baada ya nusu saa ni maji yaliyopita njia, mepesi kiasi kwamba hata ugonjwa uliopo unaweza usionekane. Afadhali kusubiri.

Usibebe mkojo kutoka nyumbani kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, hata ukikisuuza vipi. Omba kikopo siku moja kabla. Na ukishakinga, ufikishe ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji usizidi saa 24. E. coli akiwa mahali panapompendeza hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo mmoja anakuwa 64 ndani ya saa mbili. Kikopo kilichoachwa dirishani kwenye joto la Dar es Salaam tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana hakisemi tena kilichokuwa kibofuni mwako. Nimeona vikopo vimepangwa foleni juani, na kama mtu wa maabara ni mwungwana hataudhika ukimuuliza kwa upole, "Samahani, huu utapimwa saa ngapi?"

Kwa mtoto asiyejua kuambiwa kojoa, mfuko wa kubandika huokota bakteria wa ngozi na kuleta majibu ya uongo. Njia ninayoipenda ni hii: mvue nepi, msafishe, kisha msugue taratibu chini ya kitovu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kikopo kikiwa tayari mkononi. Si kila mtoto atakubali, ila wapo wanaokojoa ndani ya dakika chache. Inataka mtu mwenye subira na nguo ya kubadilisha.

Karatasi ya majibu ni yako, isome. Tazama mambo matatu. La kwanza ni chembe za usaha, ambazo ni chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana. Mbili hadi nne katika eneo moja la hadubini ni hali ya kawaida, na watu wengi sana wametibiwa UTI kwa sababu ya hizo mbili hadi nne. La pili ni nitriti. Ikiwepo, pamoja na dalili, ni ushahidi mzito. Isipokuwepo haikuachilii, kwani wapo wadudu wasioitengeneza. La tatu, linalorukwa kila siku, ni seli za ngozi. Zikiandikwa kuwa nyingi, maana yake mkojo haukukingwa vizuri, na hatua sahihi ni kurudia kikopo, si kuanza dawa. Hakuna aibu kusema, "Daktari, naomba nirudie."

Kipimo cha uhakika ni kuotesha mkojo. Mkojo unawekwa kwenye chakula cha bakteria, unaachwa siku moja au mbili, kisha wadudu waliomea wanatambuliwa na kujaribiwa na dawa moja moja ili kujua ipi inawaua. Hospitali za rufaa zinacho na baadhi ya maabara za mjini pia, na bei yake ni kubwa kuliko ya kijiti. Si kila anayeungua anakihitaji. Mjamzito anakihitaji, mtoto, mwanamume, mwenye homa ya kutetemeka, na yeyote ambaye dawa ya kwanza haikumsaidia. Sampuli itolewe kabla ya kidonge cha kwanza. Umeshameza viwili vitatu? Kiri mapema.

Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, uliopewa jina la HATUA, uliotesha mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye dalili za UTI. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa kiasi cha theluthi moja. Theluthi mbili zile haziwezi zote kuitwa wazima, kwa sababu dawa iliyomezwa nyumbani huficha wadudu na maumivu yanaweza kuwa na chanzo kingine. Lakini yaelekea wengi wao hawakuwa na ugonjwa ambao antibiotiki ya UTI ingewaponya. Na kati ya wadudu waliopatikana, karibu nusu walikuwa sugu kwa makundi matatu au zaidi ya dawa.

Hapo linaingia neno linalouza sana siku hizi, "UTI sugu". Limeandikwa kwenye vibao vya waganga, linatangazwa redioni, lina chupa zake za mizizi na majani. Hospitali huhesabu UTI ya kujirudia pale inapothibitika mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya mwaka. Kuthibitika ndilo jambo lenyewe. Mwenye "UTI sugu" ya miaka miwili ambaye mkojo wake haujaoteshwa hata siku moja hajui anaumwa nini, na muuzaji wa chupa hajui pia.

Anaweza kuwa na kichocho. Mpwa wangu wa miaka 11 alianza kutoa matone ya damu mwisho wa kukojoa. Tuliambiwa UTI, akamaliza dozi. Damu ikaendelea, tukaambiwa UTI, akamaliza dozi nyingine, tofauti na ya kwanza. Mara ya tatu tulimkuta tabibu mzee, akaitikia shikamoo ya mtoto, akamtazama, na swali lake la kwanza likawa, "Mjukuu wangu, unaogelea wapi?" Mtoto akataja bwawa lililo nyuma ya mashamba ya mpunga. Tukaambiwa turudi na mkojo wa mchana. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na hata kurukaruka kidogo kabla ya kukojoa husaidia. Mayai yalionekana. Alipewa prazikwanteli, na damu ikakoma.

Kichocho cha mkojo kinaletwa na mnyoo unaolelewa na konokono wa maji baridi, na hupenya ngozi ya anayeingia majini. Kipo Pemba na Unguja, kipo mwambao wote wa bara, kipo mikoa ya kanda ya ziwa. Kwa mwanamke mayai yake yanaweza kujikita ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta maumivu na damu baada ya tendo, akadhaniwa ana maradhi ya zinaa. Antibiotiki haina kazi hapo. Ukikojoa damu na umewahi kuoga, kuvua au kulima majini, litaje hilo kabla hujaulizwa.

Jingine linalofichwa chini ya jina la UTI ni maradhi ya zinaa. Kwa kijana wa kiume anayeungua na kutokwa usaha, kisonono au klamidia ndiyo ya kutafutwa kwanza. Watu hupendelea kuiita UTI kwa sababu jina hilo halivunji nyumba, na wakati mwingine hata mtoa huduma hulitumia kwa huruma. Huruma hiyo ni ghali. UTI ya kweli haiambukizwi kwa mwenza, kwa hiyo mwenza hahitaji dawa. Kisonono kinaambukizwa, na usipotibiwa pamoja na mwenzako mtarudishiana. Muulize daktari mkiwa wawili tu chumbani: "Hii ni UTI au ni ya kuambukizana?" Kuwashwa na kutokwa uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, hiyo kwa kawaida ni fangasi, na antibiotiki za UTI huzidi kuichochea.

Tuje kwenye dawa. Kwa kibofu cha mwanamke asiye mjamzito, nitrofurantoini ni miongoni mwa chaguo za kwanza za Shirika la Afya Duniani, na kwa kawaida siku 5 zinatosha. Inywe na chakula, na usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya kahawia. Haifai kwa maambukizi yaliyofika kwenye figo, wala kwa mtu ambaye figo zake zimechoka. Septrini bado inaandikwa sana, ila wadudu wengi wa kwetu wamekwisha kuizoea, na amoksilini peke yake ni vivyo hivyo. Siprofloksasini, ile "sipro" ambayo duka la dawa hukupa hata kabla hujamaliza kueleza, Shirika hilo limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Inaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, na tukiipoteza kwa usugu tumepoteza moja ya silaha za figo. Usianze nayo kwa kuungua kwa jana.

Nusu dozi ndiyo kosa linalonisikitisha kuliko yote, kwa kuwa najua linatokana na mfuko. Shilingi zilizopo zinatosha vidonge sita, unachukua sita. Siku ya pili kuungua kumepoa, unaona umepona. Ikiwa fedha hazitoshi, mwambie mfamasia wazi, umuulize kama kuna dawa ya bei nafuu ambayo dozi yake kamili unaweza kuilipia. Dozi kamili ya dawa ya bei ya chini ni bora kuliko nusu ya ile ya gharama.

Mama mjamzito ana kanuni zake. Bakteria kwenye mkojo wa mtu mzima asiye na dalili kwa kawaida huachwa bila dawa, hata kwa wazee na wenye kisukari, lakini mjamzito hutibiwa hata kama hasikii chochote. Wadudu hao wakiachwa hupanda hadi kwenye figo kwa kiasi cha mjamzito mmoja kati ya wanne, na wanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Ndiyo sababu kikopo cha kliniki ya wajawazito si cha kurukwa. Sipro haimfai, na nitrofurantoini huepukwa karibu na kujifungua, kwa hiyo asinunue dawa yoyote bila kusema kwamba ana mimba, hata changa.

Nenda hospitali leo hii, bila kungoja kesho, ukiwa na homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavu mmoja chini ya mbavu, au kutapika kiasi cha dawa kutokaa tumboni. Hayo ni ya figo. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa yoyote, mwanamume ambaye mkojo umegoma kabisa kutoka, na mzee mwenye mpira wa mkojo aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla, wote safari ni hiyo hiyo.

Kuhusu kinga, maji ndiyo yenye ushahidi mzuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara na wenye mazoea ya kunywa maji kidogo waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likaongeza lita 1.5 za maji kila siku. Kwa mwaka mzima waliugua kwa wastani mara 1.7, wakati wenzao waliugua mara 3.2. Madafu yanafaa kwa sababu hiyo hiyo, ni maji matamu. Hayaui wadudu, na mwenye kisukari asiyafanye dawa.

Ukitawaza, anza mbele ndipo uende nyuma, na mkono uliogusa nyuma usirudi mbele bila kuoshwa. Wafundishe watoto wa kike mapema, kwa maneno ya kawaida. Kukojoa baada ya tendo la ndoa hakugharimu kitu. Ndani ya uke hakuhitaji sabuni, ndimu, shabu wala mvuke wa majani, kwa sababu humo wanaishi bakteria wema wanaowazuia wabaya, na kila ukiwafukuza unafungua mlango. Kwa mama aliyekoma hedhi anayerudiwa na UTI, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Inasaidia kweli, ila wengi hawaijui kwa sababu hawajawahi kuulizwa, kwa hiyo aulizie mwenyewe.

Na ukishaoteshewa mkojo, usiiache karatasi ya majibu mezani kwa daktari. Ipige picha, kisha iweke kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki na za watoto. Siku ukiungua tena, usiku, mbali na hospitali uliyoizoea, mganga wa zamu asiyekujua ataanza na dawa iliyowaua wadudu wako mara ya mwisho.